Tuko Nyuma Yako

Machi 3

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa kelele. Chumba cha seva hapa chuoni kiko chini kabisa ya jengo, ubavuni mwa stoo ya karatasi za mitihani. Paa liko mbali, kwa hiyo kinachovuja ni kiyoyozi. Nimeweka ndoo. Msimamizi wa majengo alipita, akaitazama ndoo, akasema, "Umefanya vizuri," akaenda zake. Ndivyo mambo yanavyotengenezwa hapa.

Naandika kwa sababu mume wangu amechoka. Yeye ni mfamasia, anashinda akisikiliza magonjwa ya watu, na anasema akirudi nyumbani hataki kuletewa na magonjwa ya intaneti. "Andika," ameniambia, "maana mimi nikisikia tena neno anwani wakati nakula, nahamia kwa mama."

Haya, nayaandika. Kila kitu kinachoingia kwenye intaneti, iwe simu, kompyuta au kamera ya getini, kinahitaji anwani, na anwani ni namba. Namba za zamani zimekaribia kwisha. Namba mpya zipo tele, lakini bado kuna huduma nyingi ambazo hazijahamia, kwa hiyo mtoa huduma asiye na zile za zamani hata kidogo amefungua duka lisilo na mlango. Anayezigawa upande wetu wote huu ni ofisi iitwayo sajili ya kanda. Na kanuni za kugawa haziandikwi na serikali, wala haziandikwi na wafanyakazi wa sajili. Tunaziandika wenyewe, yaani yeyote aliyejiunga na listi yetu ya barua pepe na akafungua mdomo.

Mimi ni mmoja wa wenyeviti wawili wa listi hiyo. Hatulipwi hata nauli. Kazi yetu ni kusikiliza mpaka mwisho, kisha kutamka kama pana mwafaka au hapana. Hatuhesabu kura. Hata ukumbi mzima ukisema ndiyo, akatokea mmoja mwenye pingamizi lenye sababu, na sababu hiyo ikakosa wa kuijibu, mwafaka hakuna. Mwenyekiti naye hana upande. Haruhusiwi kusema pendekezo ni zuri au ni bovu. Anafunga mdomo.

Mume wangu aliposikia sharti hilo, siku nilipochaguliwa, alicheka mpaka akakohoa. "Walikosa mtu mwingine kabisa?"

Leo limeingia pendekezo jipya. Tunayo akiba ya mwisho ya namba za zamani, imetengwa kwa wageni tu, wale ambao hawajawahi kupewa chochote. Pendekezo linasema akiba hiyo ifunguliwe kwa wote, na mwenye hitaji kubwa zaidi apewe kwanza. Nimeusoma mstari huo nikiwa nimesimama. Kisha nikashuka chini kuona mwandishi ni nani, nikakaa.

Ni Mzee Waya.

Machi 4

Nimelala na hasira, nimeamka nayo.

Mzee Waya si mtu wa kuchukiwa, na hiyo ndiyo shida. Tunamwita hivyo kwa sababu hajawahi kukosa kipande cha waya mfukoni. Nusu ya watu wa listi walijifunza kazi kwake, nami nikiwamo. Nilikuwa msichana peke yangu darasani, na wenzangu walikuwa wakinituma maji ya kunywa. Siku moja akawauliza, kwa upole kabisa, kama miguu yao imekatika. Kisha akanishikisha koleo ya kubania waya, akasema, "Anza wewe." Na mwafaka ni yeye aliyetufundisha. "Hatuhesabu vichwa," alikuwa akisema huku akitembea katikati ya meza. "Vichwa hata mnadani vinahesabiwa. Sisi tunapima sababu."

Alistaafu mwaka juzi. Mwaka jana akawa mshauri wa ile kampuni kubwa ya simu tunayoiita Jitu. Sikusema kitu, mtu mzima ana haki ya kuongezea pensheni yake. Leo nimelisoma pendekezo upya na naliona Jitu katika kila aya, limejificha nyuma ya lugha nzuri ya mzee wangu. Mwenye hitaji kubwa zaidi! Nani ana hitaji kubwa kuliko Jitu? Likifunguliwa mlango, litaifagia akiba yote kabla watu hawajamaliza chai.

Na mimi nimefungwa mdomo.

Machi 6

Mvua. Kwenye listi: naunga mkono, naunga mkono, naunga mkono. Watu ambao sijawahi kuona barua zao wameamka siku moja wote na kupenda sera. Hakuna aliyeandika sababu hata moja.

Machi 9

Mdogo wangu amepiga simu, mvua inapiga bati nyuma yake mpaka tunapigiana kelele.

"Dada, lori la saruji limezama njiani tangu juzi!"

"Na mnara?"

"Umelala uani pale shuleni, vipande vipande! Watoto wanaukalia!"

Huyu ndiye aliyeacha kazi yenye kiyoyozi kisichovuja, akarudi mji mdogo alikozaliwa mume wake, kule barabara ya lami inakoishia, ili aanzishe mtandao wake mwenyewe. Ana shule mbili, ana wenye maduka, na ana zahanati ambayo mpaka leo inatuma majibu ya vipimo kwa kumkabidhi dereva wa lori bahasha. Wote wamemwahidi kuunganishwa. Lakini sajili haimpi mtu anwani kwa maneno matupu. Lazima mnara uwe umesimama, mitambo iwe imewaka, ndipo alete ombi. Yeye ni mgeni hasa. Akiba ya mwisho iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Pendekezo la Mzee likipita kwenye mkutano wetu wa Mei, ambako mwafaka hutamkwa, kabla ombi lake halijamalizwa, atakuta ghala limefagiliwa. Itabidi aende kukodi anwani kwa Jitu, kwa masharti ya Jitu, na siku Jitu likitaka wateja wake litavuta waya tu.

Nilitaka kumwambia yote haya. Nikakumbuka mimi ni nani. Nikamwambia asome listi.

"Ile listi yenu? Maneno mengi kama kesi ya shamba! Niambie wewe."

"Siwezi."

"Makubwa! Dada yangu mwenyewe!"

Akakata. Sijui ni yeye au ni mvua.

Machi 12

Ndoo imejaa mara mbili. Naunga mkono zinaendelea.

Machi 14

Leo simu zimeanza, na zimenichemsha kuliko kitu chochote. Alianza mkuu wa mtandao wa benki moja, mtu mzito, sauti ya chini kana kwamba anapiga kutoka msibani. "Hili pendekezo litatuua," akasema. "Usiliruhusu." Nikamwambia, vizuri sana, andika hivyo hivyo kwenye listi. Akaguna. "Unajua hali ilivyo. Lakini tuko nyuma yako."

Akafuata mwenye kampuni ndogo ya kuunganisha maofisi. Lile lile, na mwisho ule ule: tuko nyuma yako. Kisha mhadhiri wa hapa hapa chuoni, ambaye alishuka ngazi mwenyewe, akafunga mlango, akaninong'oneza katikati ya mashine zinazovuma kama kinu. Tuko nyuma yako, mama.

Alipoondoka niligeuka nikatazama nyuma yangu. Kuna ukuta.

Nitamke nini mimi Mei? Siwezi kuhesabu mnong'ono. Kisichoandikwa kwenye listi na kisichosemwa kwenye kipaza sauti hakipo. Wanalijua hilo wote, maana wamefundishwa na yule yule aliyenifundisha. Wanataka mwenyekiti avunje kanuni kwa niaba yao, wao wabaki watoto wazuri wa Mzee.

Machi 19

Nimeongea na mwenyekiti mwenzangu. Huyu nimemwita Bwana Subiri tangu nilipochaguliwa, maana hajawahi kuulizwa jambo akalijibu siku hiyo hiyo. Nimemwambia mdogo wangu ataleta ombi kwenye akiba ya mwisho, kwa hiyo nina maslahi, ajue mapema.

"Nimesikia," akasema.

"Basi? Nijitoe?"

"Tusubiri."

"Tusubiri nini, bwana? Mafuriko?"

"Ombi lenyewe bado. Likija, tutaliangalia."

Anakula njugu huku anaongea, moja moja, anaimenya kila moja kama anafanyiwa mtihani. Mtu huyu akiachiwa kiti peke yake, Jitu litamsukuma kwa kidole. Nimerudi ofisini nikapiga teke ndoo. Nikaipangusa sakafu mwenyewe.

Machi 25

Mvua. Lori limetoka matopeni, likazama tena mbele.

Aprili 2

Nimemfuata shoga yangu hospitalini. Tulisoma pamoja, sasa ndiye anayeendesha mtandao wote wa pale, kuanzia mapokezi hadi chumba cha picha za mifupa. Ofisi yake haina dirisha, ina feni inayogeuza shingo. Sikumwambia pendekezo ni bovu. Nilimwambia tu: kama una maoni, yoyote yale, yaandike.

"Ni bovu hilo," akasema mwenyewe. "Halina aibu."

"Liandike hilo."

"Mimi? Nimpinge Mzee mbele ya watu? Aliyekuja kunisimamia harusini baba yangu alipokuwa mgonjwa?"

"Hujaambiwa umtukane. Toa sababu."

"Kumpinga ni kumtukana tu, acha mambo yako." Akanisogezea kikombe cha chai. "Wewe ndiye una ulimi. Tuko nyuma yako."

Niliiacha chai pale pale. Nilikuwa karibu na mlango nikageuka, nikamwambia wagonjwa wake wana bahati kwamba madaktari hawaoneani haya namna hiyo. Amenuna. Na anune.

Aprili 8

Sijui niandike vipi.

Mnara wa mdogo wangu umesimama. Mdogo wangu analia kwa furaha kwenye simu. Na aliyeusimamisha ni Mzee Waya.

Alisikia habari ya lori, hakuambiwa na mtu. Akakodi trekta kwa fedha yake, akalivuta lori, akafika kule na vijana wake wawili wa kupanda, akavaa mabuti, akasimama kwenye mvua akiwaelekeza. Walipochoka alipanda mwenyewe, mzee wa umri ule, mpaka nusu ya mnara, akakaza kamba. Mdogo wangu amenitumia picha. Mzee amelowa chapachapa na anacheka kama kijana.

"Yule ni baba," mdogo wangu anasema. "Dada, yule ni zaidi ya baba."

Nikasema ndiyo. Na ni kweli, hapo ndipo panaponiuma. Kwa mikono yake anamjengea, na kwa pendekezo lake anambomolea, na haoni tofauti.

Aprili 10

Amekuja hapa. Mabuti bado yana tope la kule.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekonda."

Kabla hajakaa aliiona ndoo. Akanyanyua macho kwenye kiyoyozi, akavuta kiti, akapanda, akatoa kile kipande cha waya mfukoni akakisokomeza kwenye bomba la kutolea maji. Likatoka donge la uchafu. Maji yakakatika. Mwezi mzima nimelalamika, yeye amemaliza kabla sijasema asante. Nikasema asante. Nilitaka kulia kwa hasira.

"Mzee, pendekezo lako siwezi kulizungumzia hapa."

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto, si pendekezo. Asihangaike na maombi na foleni. Nimeshaongea na kampuni, watamkodishia anwani. Bei ya chini kabisa. Nitaisimamia mimi mwenyewe."

"Na ukiondoka huko?"

"Siondoki."

"Ukifa, Mzee?"

 Sijawahi kuongea naye hivyo maishani mwangu.

"Nani atakumbuka kwamba ulimwahidi?" nikasema. "Sajili haimjui, haimpendi, na itampa kwa sababu anastahili. Wewe unampenda, ndiyo maana utampa. Kesho akikuudhi je?"

"Hivi kweli unadhani naweza kumkatia mtoto yule?"

"Wewe hapana. Lakini atakaa maisha yake yote akichunga asikuudhi."

Akajipangusa mikono taratibu kwa leso. "Siku hizi mmekuwa wagumu," akasema. "Mimi nasaidia watu. Nimesaidia watu maisha yangu yote. Wadogo wakikaa chini ya mkubwa mwenye roho nzuri, kuna ubaya gani?" Alikuwa anauliza kwa dhati. Hajanunuliwa huyu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba wamemnunua, na ingekuwa rahisi kwangu. Anaamini.

Alipoondoka aliacha alama za tope mpaka mlangoni. Nimezitazama siku nzima bila kuzifuta.

Aprili 15

Hakuna kinachovuja. Hata hilo linanikasirisha.

Aprili 22

Mdogo wangu ameleta ombi sajili. Wamelipokea, wanalikagua, na wamemwambia wazi: yasiyokamilika kabla ya mkutano yatafuata kanuni itakayotoka kwenye mkutano. Hajakasirika. "Mzee amesema nisiwe na wasiwasi," ameniambia. Hasira zote katika ukoo huu nimeachiwa mimi.

Kwenye listi bado hakuna pingamizi hata moja lililoandikwa. Nimemuuliza Bwana Subiri tutatamka nini ikibaki hivi.

"Kama hakuna aliyepinga, tutasema mwafaka upo."

"Hata kama wote wanajua ni bovu?"

"Wanajua wapi? Mimi sijaona barua." Njugu. "Tusubiri."

Mei 7

Nimetoka mkutanoni. Naandika kabla sijavua viatu.

Ukumbi wa hoteli, zulia la kijani lenye harufu ya unyevu, chupa za maji kila meza, vipaza sauti viwili vimesimama katikati ya safu. Mvua imepiga madirisha tangu asubuhi. Mimi na Bwana Subiri mbele, kila mmoja na kibao chake. Chini yetu wote wamekuja: mtu wa benki, mwenye kampuni ndogo, mhadhiri, shoga yangu aliyenuna. Wote walio nyuma yangu walikuwa wamekaa mbele yangu.

Mzee aliwasilisha pendekezo vizuri, kama kawaida yake, kwa utani na kwa upole. Wakampigia makofi kabla hajamaliza. Kisha ikaja foleni ya kipaza sauti. Kijana wa Jitu: naunga mkono. Mwingine wa Jitu, amevaa shati lile lile: naunga mkono. Nikauliza kama inavyonipasa: "Kuna pingamizi?"

Mtu wa benki alifungua chupa ya maji. Mhadhiri alikuwa anasoma simu yake. Shoga yangu alinitazama moja kwa moja, macho yamemtoka, akatikisa kichwa kidogo kuniambia *fanya kitu*.

Nikauliza mara ya pili.  Na pale, nikiwaangalia watu wazima wenye vyeo wakiangalia vidole vyao, nikaacha kuuliza. Nikazima kipaza sauti changu. Nikamwambia Bwana Subiri sikioni, "Mimi si mwenyekiti tena. Shika." Nikateremka zile ngazi, nikaenda nikasimama kwenye foleni ambayo haikuwa na mtu.

"Nimejiuzulu kiti sasa hivi," nikasema. "Naongea kama mimi. Na kwanza mjue: mdogo wangu ana ombi kwenye akiba hii, kwa hiyo pimeni sababu yangu, msinipime mimi. Pendekezo linasema apewe kwanza mwenye hitaji kubwa. Hitaji linaonyeshwa kwa wateja. Mgeni hapati wateja mpaka awe na anwani, na kwa kanuni hii hapati anwani mpaka awe na wateja. Ataingiaje? Naomba nijibiwe."

Kijana wa Jitu alisema hilo ni suala dogo la utekelezaji. Nikasema basi litekeleze hapa tulione. Akakaa.

Mzee akasogea kwenye kipaza sauti cha pili. Tulikuwa tunatazamana, hatua chache tu. "Mgeni atakodi kwa waliotangulia," akasema. "Ndivyo dunia inavyokwenda."

"Atakodi kwa nani? Wataje."

Akaingiza mkono mfukoni, penye waya wake.

"Na mkodishaji akikataa, mgeni aende wapi?"

"Binti yangu," akasema, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto, "watu wote humu wameunga mkono. Ni wewe peke yako."

Nikaona vichwa vikitikisika kukubali. Nikajua nimeshindwa. Nikamtazama Bwana Subiri juu pale, peke yake, na nilikuwa na hakika atasema tusubiri.

Akavuta kipaza sauti. "Mzee," akasema, "naomba kuuliza. Swali lake limejibiwa?"

"Nimesema walio wengi..."

"Nimesikia walio wengi. Nauliza swali lake. Mgeni aende wapi?"

Mzee akawageukia waliokaa, kama anayetafuta wa kumjibia. 

"Uliyetukataza kuhesabu vichwa ni wewe," Bwana Subiri akasema. "Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma, pengine hunikumbuki. Pingamizi limetolewa, lina sababu, halijajibiwa. Mwafaka hakuna. Pendekezo linarudi kwa mwandishi." Akaandika, akafunga kalamu. "Tuendelee na ajenda inayofuata."

Mwaka wote huu nimemdharau mtu yule.

Nje ya ukumbi walinizunguka. Hongera! Umesema kweli tupu! Tulijua tu utasema! Mtu wa benki alinishika mkono kwa mikono miwili. Nikamuuliza, "Wewe mdomo wako ulikuwa na nini?" Akacheka, akidhani natania. Shoga yangu alitaka kunikumbatia, nikampisha apite.

Mzee aliondoka peke yake, bila mwavuli. Nilimwona kupitia kioo. Sikumkimbilia.

Mei 8

Mafua. Mume wangu ameleta dawa na hajasema neno anwani. Nimemsamehe mengi.

Mei 13

Mdogo wangu amepewa. Sajili imemaliza kulikagua ombi lake na kumpa fungu la wageni, kwa kanuni ile ile ya zamani. Zahanati inaunganishwa wiki hii. Pia sasa ni mwanachama kamili, ana kura ya kuchagua wenyeviti. Nimecheza peke yangu katikati ya mashine, mhadhiri akaingia akanikuta, akatoka.

Mei 16

Kiti changu kiko wazi, na leo limekuja jina la mtu wa kukijaza. Mzee Waya.

Aliyempendekeza ni mtu wa benki! "Kwa heshima ya mchango wake, na ili kuponya majeraha." Ameungwa mkono na mhadhiri. Ameungwa mkono na mwenye kampuni ndogo. Shoga yangu ameandika barua ndefu, yenye aya, yenye koma, mtu aliyeshindwa kuandika mstari mmoja msimu mzima. Nimempigia.

"Tumpoze tu, jamani," akasema. "Ulimwaibisha yule mzee. Kiti hakina mshahara, hakina nini. Apewe."

"Pendekezo likirudi kwa jina la mtu mwingine, atakayetamka mwafaka ni yeye!"

"Hatafika huko. Mzee ana roho nzuri."

Roho nzuri! Niliibamiza simu mezani mpaka kioo kimepata ufa. Na kuchagua mwenyekiti si kama kuandika kanuni: hapo vichwa vinahesabiwa.

Mei 19

Mvua imepungua. Nimefungua listi asubuhi nikakuta barua ya kwanza ya mdogo wangu tangu azaliwe kwenye intaneti. Mstari mmoja. *Naunga mkono Mzee kuwa mwenyekiti.*

Sikumpigia. Nilitembea kuzunguka jengo lote la chuo, nikarudi, nikakaa, nikaandika yangu. Nainakili hapa kama nilivyoituma:

*Napinga. Ni mtu mwema, sidhani kama kuna anayebisha, na pingamizi langu ndilo hilo. Amenifundisha kazi, amemjengea mdogo wangu mnara, amenizibulia kiyoyozi. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumwambia hapana usoni, na tumelithibitisha hilo msimu mzima. Mtu tusiyeweza kumwambia hapana asikalie kiti hiki. Nampenda na ninampinga. Nimeandika kwa jina langu.*

Hakuna aliyejibu. Nimepata ujumbe wa faragha mwingi. Sijaufungua.

Mei 20

Jua. Kura zinaanza kesho.

Mdogo wangu amepiga mchana, na ameanza bila salamu.

"Dada, umenitia aibu. Amepanda mnara wangu kwenye mvua!"

"Najua."

"Sasa nitamtazamaje? Akija hapa nimkaribisheje?"

"Kama baba. Mpikie, mwandalie kitanda. Anwani zako zinafanya kazi?"

"Zinafanya. Zahanati imetuma majibu leo asubuhi. Usinibadilishie mada."

"Sibadilishi. Kuzipata ulimpigia nani magoti?"

"Magoti ya nini? Nilipeleka ombi, wakaniuliza maswali, nikajibu, wakanipa."

"Na mwenyewe anayezigawa anaitwa nani? Ulimshukuru?"

 Nilisikia watu wakiongea nyuma yake, na mlango ukifungwa.

"Hakuna wa kumshukuru, dada," akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamika.

"Basi kapige kura ibaki hivyo."